Heshima kwa Wanavyuoni: Tuwafuate Vipi, na Mpaka Wapi?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Masahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.



Naomba nianze na kosa langu mwenyewe. Si haki kuwanasihi wenzangu juu ya adabu huku nikificha mahali nilipoteleza.

Likizo ya mwaka wa kwanza nilirudi nyumbani Bujumbura, mtaani kwetu Buyenzi. Alfajiri moja nikaenda kuswali katika msikiti niliokulia, nyuma ya Maalim aliyenifundisha alifu na be nikiwa mtoto. Rakaa ya pili, alipoinuka kutoka kwenye rukuu, akanyanyua mikono akasoma kunuti, kama nilivyomwona akifanya tangu nipate akili. Safari hii mimi sikunyanyua mikono wala sikuitikia. Tulipotoa salamu nikasimama mbele ya wazee na vijana, nikasema kwamba kunuti ya Alfajiri ni bidaa. Nikatoa simu nikawasomea hadithi niliyokuwa nimeihifadhi humo, niliyoipata katika mawaidha ya dakika mbili.

Maalim alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliniombea dua, kisha akaendelea na nyiradi zake. Mimi nikatoka nikijiona nimeinusuru Sunna.

Nilichokuwa sikukijua ni kwamba vijana watatu wa rika langu walikuwa wakisoma kwake Safinatun Najah kila Jumamosi na Jumapili baada ya Alfajiri. Walikuwepo asubuhi ile. Jumamosi iliyofuata hawakwenda darsani. Waliniambia kwa fahari kabisa: watakaaje chini ya mtu anayeswalisha kwa bidaa? Nikawapongeza. Astaghfirullah.

Mwaka wa pili hapa chuoni tukaanza somo la fikihi linganishi. Siku moja mwalimu wetu akaandika ubaoni suala la kunuti ya Alfajiri. Nikakaa vizuri kitini, nikijua hili nalimiliki. Kipindi hakijafika nusu nikawa natazama chini.

Nilijifunza kwamba kwa Imam Shafi kunuti ya Alfajiri ni sunna, na mwenye kuisahau huleta sijda ya kusahau. Kwa Imam Malik inapendeza, na husomwa kimyakimya kabla ya rukuu. Kwa Imam Abu Hanifa na Imam Ahmad haisomwi katika Alfajiri, isipokuwa Waislamu wanapofikwa na balaa. Kila upande una dalili. Wapo walioshika hadithi ya Anas bin Malik kwamba Mtume (s.a.w.) hakuiacha kunuti ya Alfajiri mpaka alipoiaga dunia. Wataalamu wa hadithi wakaijadili isnadi yake, hawa wakaidhoofisha, wale wakaikubali. Na wapo walioshika hadithi ya Abu Malik al-Ashjai, ambaye baba yake alimwambia kuwa hilo ni jambo lililozuliwa. Hiyo ya pili ndiyo niliyoisoma kwenye simu yangu.

Kwa hiyo hadithi ipo, na Tirmidhi ameipokea. Kosa halikuwa kwenye hadithi. Kosa ni kwamba nilijua dalili moja nikadhani nimezijua zote, nikasimama kumhukumu mzee aliyezijua zote mbili kabla sijazaliwa. Na kilichonimaliza kabisa ni pale mwalimu wetu aliposema kwamba imepokewa kwa Imam Ahmad mwenyewe, ambaye haoni kunuti katika Alfajiri, kuwa mwenye kuswali nyuma ya imamu anayekunuti amfuate na aitikie amin. Imamu niliyedhani niko upande wake alikuwa upande wa Maalim.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilisoma suala hili: nini haki ya wanavyuoni juu yetu, na haki hiyo inaishia wapi? Haya ndiyo niliyoyapata.

1. Kwa nini wana haki juu yetu

Mwenyezi Mungu (s.w.) katika Suratul Mujadila, aya ya 11, ameahidi kuwainua daraja walioamini na waliopewa elimu. Katika Suratuz Zumar, aya ya 9, ameuliza swali ambalo jibu lake liko wazi: je, wanaojua na wasiojua wanalingana? Na katika Suratu Fatir, aya ya 28, akatueleza kwamba wanaomcha Yeye ipasavyo katika waja wake ni wale wenye elimu.

Mtume (s.a.w.), katika hadithi aliyoipokea Abu Dardai (r.a.) na kuandikwa na Abu Daud na Tirmidhi, amewaita wanavyuoni warithi wa Mitume. Akafafanua kwamba Mitume hawakurithisha dinari wala dirhamu, walirithisha elimu, na aliyeichukua amechukua fungu kubwa. Tuitafakari lugha hii ya mirathi. Mtu akifariki kwetu, watu humheshimu mwanawe kwa sababu ya marehemu. Sasa yule aliyebeba alichokiacha Mtume (s.a.w.), aliyekesha akikihifadhi na kukifundisha bila malipo, tutadai vipi kumpenda Mtume huku tukimkebehi yeye?

Katika hadithi nyingine iliyomo kwa Imam Ahmad, Mtume (s.a.w.) amesema si katika sisi asiyemheshimu mkubwa wetu, asiyemhurumia mdogo wetu na asiyeijua haki ya mwanachuoni wetu. Asubuhi ile msikitini nilivunja mawili kwa pamoja: alikuwa mkubwa wangu, na alikuwa mwalimu wangu.

2. Asiyejua kazi yake ni kuuliza

Mara mbili ndani ya Qurani, katika Suratun Nahl aya ya 43 na Suratul Anbiyaa aya ya 7, tumeamrishwa kuwauliza wenye ujuzi ikiwa hatujui. Amri hii haikuja kumdhalilisha asiyejua. Imekuja kumlinda.

Jabir (r.a.) amesimulia kisa ambacho Abu Daud amekipokea, na kila mwanafunzi anayependa kutoa fatwa angekisoma kila wiki. Kikundi cha Masahaba kilikuwa safarini. Mmoja wao akapigwa na jiwe kichwani likampasua. Kisha usingizini akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake: mnaniona nina ruhusa ya kutayamamu? Wakamjibu kuwa hawamwoni na ruhusa, kwa kuwa maji yapo na anaweza kuyatumia. Akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) alipopewa habari alisema kwamba wamemuua, akauliza mbona hawakuuliza ikiwa hawajui, na akasema kwamba dawa ya kutojua ni kuuliza.

Tazameni vizuri waliotoa jibu lile. Hawakuwa wanafiki. Nia yao ilikuwa njema, na walikuwa na dalili: maji yakiwepo, mwenye janaba huoga. Walichokosa ni kujua kwamba jeraha hubadilisha hukumu. Dalili moja mkononi mwa asiyeelewa mahali pake iliondoa roho ya mtu. Nami kwa dalili moja niliondoa vijana watatu darsani.

Ndiyo maana Bukhari na Muslim wamepokea kwa Abdullah bin Amr (r.a.) kwamba Mwenyezi Mungu haiondoi elimu kwa kuinyofoa vifuani mwa watu. Huiondoa kwa kuwachukua wanavyuoni, mpaka watu wawafanye wajinga kuwa viongozi, waulizwe, watoe fatwa bila ya elimu, wapotee na kupoteza. Kifo kiko mikononi mwa Mola, hatuna uwezo nacho. Lakini yapo ambayo sisi wenyewe tunayafanya kwa mikono yetu: mwanachuoni yu hai, anakaa mtaa wa pili, nasi tumeshamzika kwa kumdharau.

3. Adabu za waliotutangulia

Nabii Musa (a.s.), ambaye Mwenyezi Mungu alisema naye, alipoambiwa yuko mja mwenye elimu ambayo yeye hana, alifunga safari. Suratul Kahf, aya ya 66, inatuonyesha namna alivyosema alipofika: aliomba ruhusa ya kufuatana naye ili afundishwe. Nabii anaomba ruhusa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anasimama na simu.

Ibn Abbas (r.a.) alikuwa binamu yake Mtume (s.a.w.), naye aliombewa dua na Mtume apewe ufahamu wa dini. Pamoja na hayo alikuwa akienda kwenye nyumba za Maansari kutafuta hadithi, na akimkuta mwenyewe amelala mchana, hukaa mlangoni upepo ukimpulizia vumbi mpaka atoke. Siku moja Zaid bin Thabit (r.a.) alipotaka kupanda mnyama wake, Ibn Abbas akamshikia hatamu. Zaid akaona haya, akamwomba aache. Ibn Abbas akasema hivyo ndivyo walivyoamrishwa kuwafanyia wanavyuoni wao. Na hawa wawili hawakuwa na rai moja katika kila jambo. Katika mirathi, suala la babu pamoja na ndugu wa marehemu, Zaid aliwarithisha ndugu pamoja na babu, na Ibn Abbas akamweka babu mahali pa baba, ndugu wasipate kitu. Aliyeshika hatamu alikuwa mpinzani wa hoja.

Imam Shafi (aliyefariki mwaka 204 Hijria) alikwenda Madina akiwa ameshaihifadhi Muwatta, na bado akakaa mbele ya Imam Malik kama anayeanza. Imepokewa kwamba alikuwa akifunua kurasa polepole mbele yake ili asimsumbue kwa sauti ya karatasi. Baadaye akatofautiana na mwalimu wake huyo katika masuala mengi, akaandika, akajenga madhehebu yake. Lakini hakuacha kumtaja Malik kama mwalimu wake na hoja yake kwa Mwenyezi Mungu.

Kuna na kisa kinachosimuliwa sana, ingawa wapo waliojadili isnadi yake: kwamba Imam Shafi aliswali Alfajiri karibu na kaburi la Imam Abu Hanifa huko Baghdad, akaacha kunuti ambayo kwake ni sunna, kwa adabu kwa mwenye kaburi. Namna wanavyuoni walivyokipokea kisa hiki na kukirithisha yatosha kutuonyesha walichokiona kuwa kizuri.

Karibu na kwetu, yupo Sheikh Abdallah Saleh al-Farsy, aliyefariki mwaka 1982, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Zanzibar na baadaye wa Kenya. Tafsiri yake ya Qurani Takatifu, iliyotoka kamili mwaka 1969, iko katika rafu za misikiti mingi ambako Kiswahili kinasomwa. Huyu hakuwa mtu wa kunyamaza. Alijulikana kwa kukemea waziwazi mambo aliyoyaona kuwa ni uzushi katika dini, na kuna waliomkasirikia kwa hilo. Lakini kalamu hiyohiyo ndiyo iliyotuandikia habari za maisha ya wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika: walisoma kwa nani, walifundisha wapi, waliacha nini. Leo tukitaka kuwajua wazee wale tunamrudia yeye. Mkosoaji wa kweli huhifadhi jina la anayemkosoa.

4. Heshima ina mpaka

Nisije nikaeleweka kwamba nasema mwanachuoni hakosei au haulizwi. Hilo nalo ni upotofu, tena mkubwa zaidi.

Suratut Tawba, aya ya 31, inawalaumu watu waliowafanya makuhani na watawa wao kuwa miungu badala ya Mwenyezi Mungu. Adiy bin Hatim (r.a.), ambaye kabla ya Uislamu alikuwa Mkristo, alishangaa, kwa kuwa watu wale hawakuwa wakiwasujudia makuhani. Mtume (s.a.w.) akamweleza kwamba walikuwa wakiwahalalishia haramu na kuwaharamishia halali, nao wakawafuata, na huko ndiko kuwaabudu. Basi mwenye kuacha jambo lililo wazi katika Qurani na Sunna kwa sababu tu sheikh wake amesema vinginevyo, naye ajihadhari na aya hiyo.

Maimamu wenyewe walitufungia mlango huu. Imam Malik alikuwa akisema kwamba kauli ya kila mmoja huchukuliwa na kuachwa, isipokuwa ya mwenye kaburi hili, akiashiria kaburi la Mtume (s.a.w.). Imam Shafi alisema hadithi ikisihi basi hiyo ndiyo madhehebu yake. Na Suratun Nisaa, aya ya 59, inatuamrisha tunapozozana turudi kwa Mwenyezi Mungu na Mtume wake.

Tukiyaweka haya pamoja tunapata mizani. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba hakimu akijitahidi akapatia ana ujira mara mbili, na akijitahidi akakosea ana ujira mmoja. Mwanachuoni aliyekosea baada ya kujitahidi amelipwa. Sisi tunaacha kosa lake, wala hatumwachi yeye. Hatumfuati katika kosa kwa kuwa tunampenda, na hatumvunjii heshima kwa kuwa amekosea.

Lakini tujue pia nani ni mwanachuoni. Kanzu na kilemba havitoshi, wala wingi wa watazamaji. Tuulize: amesoma kwa nani? Wenye elimu wanamshuhudia? Anaishi anachokifundisha? Anaweza kusema "sijui"? Imam Malik aliulizwa masuala 48, na katika 32 kati ya hayo akajibu kuwa hajui. Msemaji ambaye hakuna swali linalomshinda, kuanzia talaka mpaka siasa, anatupa sababu ya kumwogopa.

Na mtu anayejiita sheikh halafu akamwomba dada yetu wakutane faraghani ili amsomee, au akamtoza mwanafunzi fedha za ada kwa kumtolea majini, huyo haijifichi dhambi yake ndani ya hadithi za kuwaheshimu wanavyuoni. Atajwe kwa viongozi wa jumuiya na kwa wazazi, na dada zetu wajue kwamba kusema si utovu wa adabu. Kumnyamazia ni kuwavunjia heshima wanavyuoni wa kweli.

5. Maradhi yetu hapa chuoni

Sisi tuliokusanyika hapa tumetoka Kampala, Goma, Kigali, Bujumbura, Kigoma na Mombasa. Kila mmoja amekuja na alichofundishwa kwao. Hiyo ni neema, kama hatutaigeuza ugomvi. Nayaona maradhi matatu yanayotunyemelea.

La kwanza ni kumfanya mufti kile kipande cha video. Sikatai faida ya simu. Darsa nzima nzima za wanavyuoni wakubwa zimo humo, na mimi hunufaika nazo. Lakini kipande cha dakika moja kimekatwa na mtu mwingine, kwa nia yake yeye. Hujui swali lilikuwa nini, aliyeuliza alikuwa na hali gani, wala sheikh alisema nini baada ya hapo. Kumbukeni yule mwenye jeraha: hukumu yake ilikuwa tofauti na ya mzima. Kipande hakijui jeraha lako.

La pili ni kuwinda fatwa. Sote tunajua mfano wake. Kijana na binti wa humu chuoni wanataka kuoana bila ya wazazi kujua. Wote wawili ni Mashafi tangu watoto. Jumuhuri ya wanavyuoni, akiwemo Shafi, Malik na Ahmad, wanasema hakuna ndoa bila ya walii. Hapo ghafla wanakuwa Mahanafi kwa mchana mmoja, kwa kuwa Imam Abu Hanifa amemruhusu mwanamke baleghe mwenye akili kujiozesha. Lakini hawasomi yaliyobaki kwa Mahanafi: kwamba walii ana haki ya kupinga ikiwa mume si kufu wa binti. Wiki chache baadaye ndoa inavunjika, binti ana mimba, na hakuna mzee wa kusimama naye kwa kuwa hakuna mzee aliyeambiwa. Huko si kumfuata Abu Hanifa. Ni kufuata matamanio na kumpachika Imamu jina la mdhamini.

La tatu ni ushabiki. Tunawashabikia masheikh kama timu za mpira, na kila kundi lina kona yake katika msala wetu. Nimewahi kuona ndugu wawili hawapeani salamu kwa sababu masheikh zao, ambao hawawajui wala hawajawahi kukutana nao, wamejibizana. Huenda masheikh wale wenyewe wakikutana wanakula sahani moja.

Tiba yake naiona katika mambo machache yaliyo ndani ya uwezo wetu. Tuwe na mwalimu mmoja anayetujua kwa jina, tunayemaliza kwake kitabu kimoja, hata kiwe kidogo. Tunapouliza, tueleze hali yetu yote bila kuficha, na tuulize ili tujue la kufanya, si ili tupate la kumpigia mwenzetu. Tukiona mwanachuoni amekosea, tumwendee faraghani, tena kwa sura ya swali: "Maalim, nimesoma hadithi hii, nifahamishe wewe unaielewaje." Aghalabu tutakuta anaijua. Na kama kweli hakuijua, tumempa nafasi ya kuipokea bila ya kuaibika.

6. Nilivyorudi kwa Maalim

Mwisho wa mwaka wa pili nilikwenda nyumbani kwake. Alikuwa amekaa barazani na miwani yake mikononi. Nikamwamkia, nikakaa chini, nikamweleza yote niliyoyasoma, nikamwomba msamaha.

Akaniambia, "Nilikusamehe asubuhi ileile, mwanangu, kabla sijatoka msikitini." Kisha akamtuma mjukuu wake amletee kitabu fulani. Akakifungua akanionyesha pambizoni. Ile hadithi ya al-Ashjai ilikuwa imeandikwa pale kwa mkono wake, wino umeshafifia, na chini yake maneno ya mwalimu wake kuhusu namna Mashafi wanavyoijibu.

Nikamuuliza, "Maalim, kwa nini hukunijibu siku ile?"

Akasema, "Ningekujibu mbele za watu, ungekuja leo?"

Nikanyamaza. Naye akaongeza neno ambalo sitalisahau: "Mimi nimekusamehe langu. La wale vijana watatu si langu kukusamehe."

Kwa kuwa kosa nililifanya hadharani, niliona toba yake iwe hadharani. Alfajiri iliyofuata nikasimama palepale, nikasema nilizungumza bila ya elimu na nikamkosea mwalimu wangu. Kisha nikawatafuta wale vijana mmoja mmoja. Wa kwanza alirudi darsani, alhamdulillah. Wa pili amepata mwalimu katika msikiti mwingine, na hilo ni kheri. Wa tatu alinicheka. Akaniambia kuwa mimi ndiye niliyemfundisha kwamba wazee wale hawajui kitu. Leo hana mwalimu hata mmoja, na siku ya mwisho nilipomuulizia niliambiwa hata jamaa haswali tena, kwa kuwa hakuna imamu anayemridhisha. Namwombea kila sijda.

Mtauliza, je, sasa nimekuwa mtetezi wa kunuti? Nitasema kweli. Baada ya kusoma nilichosoma, moyo wangu mpaka leo unaelemea kwa wasioikunuti Alfajiri, na nikiswalisha wenzangu chumbani bwenini siisomi. Lakini nikiwa Buyenzi, nyuma ya Maalim, akinyanyua mikono nanyanyua, na akiomba naitikia amin. Sioni kwamba nimeiacha dalili. Naona nimeongeza dalili nyingine ambayo zamani sikuijua.

Ndugu zangu, likizo inakaribia. Kila mmoja wetu huko kwao ana mwalimu aliyemshika mkono akamwonyesha herufi ya kwanza. Pengine Kiarabu chake hakifiki cha maprofesa wetu, na pengine zipo hadithi dhaifu anazozisoma. Mwendeeni. Mpelekeeni japo kilo ya sukari, kaeni mbele yake, mumuulize suala moja. Na aliyemkosea mwalimu wake asingoje, kwani ajali haina taarifa, na sio kila mtu atapewa mwaka wa pili kama nilivyopewa mimi.

Ewe Mola wetu, wasamehe walimu wetu walio hai na waliotangulia. Tupe elimu yenye manufaa na adabu ya kuibeba. Usitufanye sababu ya mtu kuiacha njia yako. Utuonyeshe haki kuwa ni haki na uturuzuku kuifuata, na utuonyeshe batili kuwa ni batili na uturuzuku kuiepuka. Na umrudishe kwako ndugu yetu yule, na utusamehe tuliomsukuma. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.